Walevi Walipoanza Kutafutana

Akron, katika jimbo la Ohio, Marekani, ulikuwa mji wa matairi. Goodyear, Firestone na Goodrich zote zilikuwa na viwanda hapo, na harufu ya mpira ilitanda mji mzima. Ni katika mji huo, mwaka 1935, ilipozaliwa desturi ambayo leo iko katika nchi zipatazo 180: watu walioshindwa na pombe kukutana kila wiki, bila daktari wala mchungaji wa kuwaongoza, na kushikana mkono ili wasinywe tena.

Chanzo chake cha mbali ni mtoto wa tajiri. Russell Firestone, mwana wa Harvey Firestone mwenye kampuni ya matairi, alikuwa amezama katika ulevi hadi familia ikakata tamaa. Alipata nafuu kupitia Oxford Group, harakati ya Kikristo iliyoanzishwa na mhubiri Frank Buchman. Baba yake alifurahi kiasi cha kuwaalika Buchman na wenzake kuja Akron, Januari 1933, kufanya mikutano mikubwa. Nafuu ya Russell haikudumu. Lakini wageni walipoondoka, nyuma yao kilibaki kikundi cha wenyeji waliokutana majumbani kusali na kuungama makosa yao mbele ya wenzao.

Miongoni mwao alikuwamo daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Dr. Bob. Mkewe, Anne, ndiye aliyemvuta. Dr. Bob alihudhuria miaka miwili na nusu. Alisoma vitabu alivyopewa, alisali alipoambiwa asali, akarudi nyumbani akanywa. Siku moja alijikaza akawaambia wenzake ukweli: kwamba yeye hunywa kwa kificho na hawezi kuacha. Wakapiga magoti pamoja naye kumwombea. Akaendelea kunywa. Watu hao walimpenda kwa dhati, ila katika chumba kizima hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kuamka alfajiri mikono ikimtetemeka, akatafuta chupa aliyoificha mwenyewe.

New York, wakati huohuo, mtu mwingine alikuwa akiangamia. Bill Wilson aliwahi kuwa mchambuzi wa hisa wa kutegemewa huko Wall Street, hadi pombe ikamfikisha mahali ambapo mshahara wa mkewe, Lois, muuzaji dukani, ndio uliowalisha wote wawili. Mwishoni mwa Novemba 1934 alitembelewa na mwenzake wa zamani wa kulewa, Ebby Thacher. Bill alimwekea kinywaji mezani jikoni. Ebby akakisukuma kando. Alikuwa na macho maangavu, amenyoa, na akaeleza kwamba watu wa Oxford Group, nao wakiwa walevi wa zamani, walimfuata alipokuwa karibu kufungwa kwa sababu ya ulevi. Bill aliendelea kunywa siku chache zaidi. Tarehe 11 Desemba aliingia tena Towns Hospital, hospitali ya binafsi ya kutibu ulevi jijini New York. Hakunywa tena mpaka alipofariki, Januari 1971.

Kilichofuata hakisimuliwi sana, nacho ndicho chenye somo kubwa. Bill alitoka hospitalini akiwa na moto wa mtu aliyeokoka. Alisema kwamba wodini aliona mwanga mweupe na kujisikia yuko mbele za Mungu, na kwa karibu miezi mitano aliwaandama walevi wa New York akiwahubiria mwanga huo. Hakuna hata mmoja aliyeacha pombe. Lois ndiye aliyemkumbusha kwamba kuna mmoja aliyepona, naye ni Bill mwenyewe. Kisha Dr. William Silkworth, daktari aliyemtibu Towns, akampa shauri: aache mahubiri, aanze na ugonjwa. Awaeleze jinsi mwili wa mlevi usivyoweza kuvumilia tone la kwanza, na jinsi akili yake isivyoacha kulitamani. Mlevi akishajiona mwenyewe katika maelezo hayo, mengine atayasikiliza.

Mei 1935 Bill alikwenda Akron kwa shughuli ya biashara, kupigania umiliki wa kampuni ya mashine za mpira. Alishindwa. Wenzake wakapanda treni kurudi New York, yeye akabaki katika Mayflower Hotel na dola zipatazo kumi mfukoni. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli kulikuwa na baa, vicheko na milio ya glasi. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Bill aliyajua vizuri mawazo yaliyoanza kumjia: ataingia baa kunywa soda ya tangawizi tu, apate wa kuongea naye.

Akaenda kwenye simu. Alimpigia mchungaji Walter Tunks na kumwomba jambo ambalo bila shaka mchungaji hakuwahi kuombwa: amtafutie mlevi wa kuzungumza naye. Tunks alimpa majina. Bill alipiga simu moja baada ya nyingine, na hatimaye akampata Henrietta Seiberling, mkwe wa Frank Seiberling, mwanzilishi wa Goodyear. Bibi huyu alikuwa mmoja wa wale waliopiga magoti kumwombea Dr. Bob. Alipomsikia mgeni akijitambulisha kuwa mlevi kutoka New York anayemhitaji mlevi mwenzake, hakuwa na shaka kwamba maombi yamejibiwa.

Dr. Bob hakupatikana siku hiyo. Alikuwa amemletea mkewe mmea wa chungu kwa ajili ya Sikukuu ya Mama, kisha akalala hoi kwa ulevi. Kesho yake saa kumi na moja jioni alifika kwa Henrietta, kichwa kikimgonga, akiwa amemwambia Anne kwamba atakaa dakika kumi na tano tu. Waliondoka baada ya saa tano usiku. Bill hakuhubiri. Alisimulia alivyokunywa, alivyodanganya, alivyoahidi na kuvunja ahadi. Baadaye Dr. Bob alieleza kwamba huyo alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye ambaye aliujua ulevi kwa kuupitia.

Dr. Bob aliteleza mara moja zaidi. Alikwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akaanza kunywa ndani ya treni na kurudi akiwa hajitambui. Alikuwa na mgonjwa wa kufanyia upasuaji. Asubuhi ya siku hiyo Bill alimpa chupa ya bia ya kuzimua, mikono isitetemeke na kisu mkononi. Kwa hesabu ya wanachama, siku hiyo ni tarehe 10 Juni 1935, na bia ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Upasuaji ulipokwisha daktari hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mjini kuwaendea aliowakosea na wanaomdai, akarudi jioni.

Kabla Juni haijaisha wawili hao walikuwa wakipiga simu Akron City Hospital kuuliza kama kuna mlevi wa kumtembelea. Alikuwapo mmoja, wakili, aliyefungwa kitandani kwa kuwa alikuwa amewapiga wauguzi. Walikaa kando ya kitanda chake wakasimulia habari zao. Wakili alitoka hospitalini tarehe 4 Julai, mzima, wakawa watatu.

Haya hayakuwa mapya kabisa. Aprili 1840, katika baa moja ya Baltimore iliyoitwa Chase's Tavern, wanywaji sita walikubaliana kuacha pombe na kuanzisha chama walichokiita kwa jina la George Washington. Kila mwanachama alitakiwa kuleta mwingine. Mikutanoni hapakuwa na hotuba za wanazuoni: mafundi na vibarua walisimama na kusimulia walivyoziumiza familia zao na walivyojinasua. Watu wakafurika. Februari 1842 Abraham Lincoln, wakati huo mwanasheria kijana wa Springfield, alikihutubia chama hicho, akatetea kwamba mlevi avutwe kwa upendo badala ya kulaaniwa. Baada ya miaka michache chama kilisambaratika. Viongozi wake walivutwa kwenye siasa za kupiga marufuku pombe, waliingia wengi ambao hawakuwa walevi hata kidogo, na walevi waliokuja kutafuta wenzao wakajikuta katika jukwaa la mabishano. Waanzilishi wa Akron hawakuijua historia hii walipoanza. Walipokuja kuijua, iliwatisha, na hofu hiyo imo katika kanuni walizochapisha mwaka 1946 na kuzipitisha Cleveland mwaka 1950: chama kisiingie katika siasa, kisimiliki mali, kisipokee fedha za watu wa nje, na mtu asitakiwe kitu kingine chochote isipokuwa nia ya kuacha kunywa.

Kwa miaka minne ya kwanza mlevi aliyetaka kuingia hakuwa na pa kuanzia. Hakukuwa na jina la chama wala ofisi. New York walikutana Jumanne usiku nyumbani kwa Bill na Lois, mtaa wa Clinton, Brooklyn; Akron walibaki ndani ya Oxford Group. Alifika yule tu aliyebahatika kujuana na mtu aliyejuana nao. Aprili 1939 wakachapisha kitabu, Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina, kwa dola tatu na nusu; jina hilo, kwa kifupi AA, likawa la chama chenyewe. Kitabu kilipigwa chapa kwenye karatasi nene kusudi mnunuzi aone fedha yake haikupotea, na unene huo ndio uliokipa jina la utani la Kitabu Kikubwa. Ndani yake ziliorodheshwa hatua kumi na mbili ambazo Bill aliziandika Desemba 1938.

Hatua hizo zilizua ugomvi mkali. Baadhi ya wanachama hawakuwa na dini na hawakutaka kuilazimisha kwa mlevi atakayefika mlangoni. Wengine waliona kumtoa Mungu ni kuondoa roho ya jambo lenyewe. Wakafikia mapatano kwamba kila mtu amfahamu Mungu kwa namna anavyomfahamu mwenyewe. Maneno hayo machache ndiyo yaliyowezesha desturi ya Waprotestanti wa Ohio kuingia kwa Wakatoliki, Wahindu na Waislamu. Huenda hakuna uamuzi mwingine uliookoa watu wengi kuliko huo.

Kitabu hakikununuliwa sana mwanzoni. Yaliyoleta watu ni magazeti. Oktoba 1939 gazeti la Plain Dealer la Cleveland lilichapisha mfululizo wa makala za Elrick Davis, na mamia ya watu wakapiga simu kuomba msaada. Cleveland ilikuwa na wanachama wachache mno kwa kazi hiyo. Wakagawana majina. Mtu aliyekuwa na wiki mbili tangu aache pombe alitumwa hospitali kumwona aliyekuwa na siku mbili. Ndipo ulipokomaa utaratibu wa kila mgeni kuwa na mlezi wake: mwanachama aliyemtangulia kidogo, anayempitia nyumbani kumpeleka mkutanoni na kupokea simu yake usiku wa manane kiu inapomzidi. Utaratibu huo ungali uti wa mgongo wa AA, na ulikomaa kwa sababu hapakuwa na watu wa kutosha.

Akron nako kulikuwa na mtawa mdogo wa umbo, Sista Ignatia, aliyefanya kazi ya kupokea wagonjwa katika St. Thomas Hospital. Hospitali za wakati huo hazikutaka walevi: walipiga kelele, walitapika, hawakulipa. Agosti 1939 Dr. Bob alimwomba amlaze mmoja. Sista aliandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa ana uvimbe mkali wa tumbo, jambo lililoweza kuwa kweli, akamwingiza. Kesho yake Dr. Bob akaomba chumba cha faragha, maana mgonjwa angekuwa na wageni. Kitanda pekee kilichoweza kupatikana kiliwekwa katika kichumba ambamo wauguzi walipangia maua ya wagonjwa. Humo ndimo walevi wenzake walipomtembelea. Hatimaye hospitali ikatenga wodi, na katika miaka iliyofuata Dr. Bob na Sista Ignatia waliwahudumia walevi wapatao 5,000, daktari asitoze senti. Mgonjwa alipoaga, Sista alimpa medali ndogo ya Moyo Mtakatifu kwa sharti moja: siku akitaka kunywa, kwanza aje amrudishie mkononi.

Mlango ulifunguka kabisa tarehe 1 Machi 1941. Jarida la Saturday Evening Post, lililosomwa na mamilioni, lilichapisha makala ya Jack Alexander, mwandishi aliyezoea kufichua matapeli na ambaye alikwenda kwa walevi hawa akitarajia utapeli. Barua zilizofuata zilihesabiwa kwa maelfu. Ziliandikwa na wake, na akina mama, na walevi wenyewe kwa mwandiko uliopinda. Katibu Ruth Hock na wasaidizi waliokusanywa haraka walijibu moja moja, wakimtajia mwenye barua mwanachama aliye karibu naye, au kumwambia kwamba katika mji wake hakuna mtu bado, basi aanze yeye. Chama kilichokuwa na watu 2,000 mwanzoni mwa mwaka kilifunga mwaka na 8,000.

Si wote waliopokewa kwa mikono miwili. Marty Mann, aliyefika mtaa wa Clinton mwaka 1939 baada ya kusoma mswada wa kitabu akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili Connecticut, alikuta chumba cha wanaume, na wanawake wa mwanzo walitazamwa kama hatari kwa ndoa za watu. Weusi walikuta milango imefungwa katika miji mingi, mpaka walipounda vikundi vyao katikati ya miaka ya 1940, kimojawapo Washington kikiongozwa na daktari mweusi aliyekuwa amepoteza kila kitu kwa pombe. Wake wa walevi, ambao kwa miaka walikaa jikoni wakipika kahawa huku waume wakizungumza sebuleni, waligundua kwamba nao wana maumivu ya kusimulia. Lois Wilson na rafiki yake waliunganisha vikundi vyao mwaka 1951, navyo vikaitwa Al-Anon.

Mkutano wenyewe haujabadilika sana. Viti vya kukunja, chupa ya chai au kahawa, chumba cha kuazima, mara nyingi cha kanisa. Mmoja anafungua kwa kusoma maelezo mafupi. Kisha mtu anataja jina lake la kwanza, anasema ni mlevi, na wote wanamsalimu kwa jina. Anasimulia dakika chache. Hakuna anayemkatiza, kumshauri wala kumjibu. Kofia au kikapu kinapitishwa kulipia chumba. Mgeni anaweza kukaa kimya mpaka mwisho, na wageni wengi hufanya hivyo. Anapotoka anakuta mtu amemwandikia namba ya simu. Sarafu za kumbukumbu, za chuma au plastiki, hutolewa kwa mwezi wa kwanza, miezi mitatu, mwaka. Ni ndugu wa medali ya Sista Ignatia.

Madaktari walilishuku jambo hili miaka mingi, kwani ni vigumu kupima chama kisichoandikisha majina. Mwaka 2020 watafiti watatu, John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri, walichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Walikuta kwamba programu zilizoandaliwa vizuri za kumwingiza mgonjwa katika AA ziliwasaidia watu wengi zaidi kukaa mwaka mzima bila kunywa, 42 kwa mia, kuliko tiba nyingine kama za saikolojia, 35 kwa mia. Pengo hilo si dogo kwa familia iliyo ndani yake. Hata hivyo mkutano si hospitali. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka hadi kufa, na ndiyo sababu Bill alianzia Towns na walevi wa Akron wakalazwa kwanza St. Thomas. Daktari atangulie, kikundi kifuate.

Afrika Mashariki AA ipo, na Nairobi imekuwa na mikutano kwa miaka mingi. Kenya ina pia namba ya bure ya mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA: 1192. Ni msaada wa kweli kwa anayejificha chooni na simu yake usiku. Lakini nje ya miji mikubwa, mlevi wa gongo au chang'aa anayetaka kuacha bado huambiwa mambo yaleyale aliyoambiwa Dr. Bob kabla ya Bill kufika: asali zaidi, awe mwanamume, awaonee huruma watoto. Anayesema hivyo kwa kawaida ni mtu mwema ambaye hajawahi kushikwa na pombe. Na pwani kuna ugumu wa ziada. Kijana wa Kiislamu anayekunywa amejificha mara mbili, na mwaliko wa kwenda ukumbi wa kanisa Jumanne jioni si jambo jepesi kwake wala kwa mama yake.

Kwa hiyo mfano wa Zanzibar unastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayefikiria vikundi vya walevi Bara, Mombasa au Lamu. Mwaka 2009, vijana waliojinasua na heroini walianza kufungua nyumba za kupona, maarufu kama sober house, zinazotumia hatua kumi na mbili. Walisaidiwa na shirika la Detroit linaloendeshwa na watu waliopona wenyewe. Wakazi hukaa humo miezi kadhaa, wakiamka, wakisali, wakifanya kazi za nyumbani na kukaa duara la mazungumzo kila siku, na wengi wao ni Waislamu wanaozipitia hatua hizo kwa imani yao. Wasimamizi wa nyumba ni mateja wa zamani. Hawangojei kupigiwa simu: wanakwenda maskani, kwa majina wanayoyajua, kuzungumza na waliobaki huko.